Kuzima swichi kuu hakuzimi kila kitu botini

Pale Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria karibu na Kisumu, boti ikikataa kuwaka asubuhi, utasikia: "Betri imekufa, na jana nilizima swichi kuu!" Basi mtu anapanda pikipiki kwenda mjini kununua mpya. Wiki ijayo, hadithi ni ileile.

Swichi kuu haikati umeme wote. Pampu ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti kwa kawaida hufungwa moja kwa moja kwenye betri, tena makusudi, ili mvua ya usiku isiizamishe boti. Kielea chake, kinachopanda na maji na kuiwasha, kikikwama juu kwa takataka au gugu maji, pampu huzunguka bila maji mpaka alfajiri.

Chaji betri ijae, ikae saa kadhaa, upime. Ikiwa nzima itasoma kama volti 12.6. Kisha fungua waya zote za hasi na uunganishe mita, ikiwa upande wa ampea, kati ya waya hizo na betri. Usipige stata hapo. Utaunguza fyuzi ya mita (mimi nimeshaunguza).

Ukisoma ampea 0.5 kila kitu kikiwa kimezimwa, piga hesabu: kwa saa 24 zimekwenda ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 60 itabaki nusu kwa siku mbili na nusu. Chomoa fyuzi mojamoja, ukianza na ya pampu. Ile inayoshusha namba, fuata waya wake. Mita ikisoma sifuri na volti bado zinashuka, hapo sasa betri ndiyo mbovu.