Ziara ya kiroho Misri: mahekalu matano yanatosha

Waziri akienda kukagua daraja, tunaiita ziara. Mtu akienda kusoma dua kwenye kaburi la walii, hiyo nayo ni ziara. Wengi wanaonitafuta ili wajiunge na misafara yangu ya Misri wanatamani ziara ya namna ya pili, lakini ratiba wanazonitumia ni za namna ya kwanza: mahekalu 12 kwa siku nane, kila siku kuamka kabla ya jogoo, na picha kila nguzo. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzifuta ratiba hizo.

Kufuta huku nilifundishwa na kundi langu la kwanza. Niliwapeleka kila mahali: Giza, Saqqara, Abydos, Dendera, Karnak, Luxor, Esna, Edfu, Kom Ombo, Philae, Abu Simbel. Siku ya mwisho, tukiwa Aswan, mama mmoja mtu mzima aliyeweka akiba miaka mingi kwa ajili ya safari hiyo aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, lile hekalu lenye dari ya buluu lilikuwa lipi?" Lilikuwa Dendera, na tulikaa pale dakika 40. Ndilo alilolijia. Alisimama chini ya dari ile na sikumpa nafasi ya kujua yuko wapi. Usiku ule sikulala vizuri, na tangu hapo sijawahi kuongoza kundi kwenye mahekalu zaidi ya matano.

Kabla ya kuyachagua hayo matano, mpangaji anapaswa kuelewa kwamba hekalu la Misri ya kale halikujengwa ili watu wakusanyike ndani yake kama tunavyokusanyika kanisani au msikitini. Lilikuwa nyumba ya mungu. Mwananchi wa kawaida, siku za sikukuu, aliruhusiwa kufika uani, palipo wazi na penye jua. Mbele ya hapo palikuwa na ukumbi wa nguzo nyingi na mwanga hafifu, kisha vyumba vidogo, kisha chumba cha mwisho chenye giza ambamo sanamu ya mungu ilikaa ndani ya kasha lake. Ukitembea polepole utaona kwamba sakafu inapanda kidogo kidogo na dari inashuka. Mwili wenyewe unaambiwa unyenyekee. Waliofika mwisho ni makuhani, nao hawakuingia hivi hivi: Herodotus, Mgiriki aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 KK, anasema walioga kwa maji baridi mara mbili mchana na mara mbili usiku, walinyoa mwili mzima kila baada ya siku moja, na walivaa kitani tu. Ziwa takatifu la kutawadhia bado lipo Karnak, lina maji hadi leo.

Na wale waliobaki nje? Hawakusahauliwa. Upande wa mashariki wa Karnak, nyuma kabisa, yapo mabaki ya hekalu la mungu Amun anayesikia maombi, lililojengwa enzi za Farao Ramesses wa Pili, mahali ambapo mtu asiye kuhani aliweza kupeleka shida yake. Kom Ombo, ukutani kwa nyuma, wamechonga masikio. Kila ninapofika mbele ya masikio yale ya jiwe nakumbuka kwamba dini ya watu wa kawaida iliishi nyuma ya ukuta, na sisi wasafiri wa leo, tunaoingia hadi chumba cha ndani na tiketi mkononi, tumepewa kitu ambacho mabibi na mababu wa nchi ile hawakukipata maisha yao yote. Hilo nawaambia watu wangu jioni ya kwanza, na mara nyingi linatosha kuwatuliza.

Kwa hiyo mpango wangu unafuata umbo la hekalu lenyewe. Kila tufikapo, tunakaa uani kwanza, robo saa au zaidi. Mwongozaji anaeleza yote pale nje: nani alijenga, nani anaonekana ukutani, nini kilifanyika katika chumba kipi. Baada ya hapo hatusemi. Kila mtu anaingia kwa mwendo wake, na tunakutana tena uani kwa saa tuliyopanga. Waongozaji wengine hawapendi utaratibu huu mwanzoni, maana wamezoea kuongea mbele ya kila mchoro, na wana elimu kubwa ya kuongea. Nakaa nao siku moja kabla kundi halijafika, tunapitia hekalu kwa hekalu, nawaeleza kwa nini. Wengi wakishaona uso wa mtu anayetoka ndani baada ya nusu saa ya kimya, hawaniulizi tena.

Mwongozaji lazima awe na leseni ya Misri. Usijaribu kukwepa hili kwa sababu wewe mwenyewe unayajua mahekalu. Kuongoza watalii pale ni taaluma yenye masharti yake na mgeni haruhusiwi kuifanya. Na kumbuka kwamba huyo mwongozaji, kama dereva na walinzi, karibu hakika ni Mwislamu au Mkristo wa Kikopti, mtu mwenye imani yake. Mwambie mapema kundi lako linafanya nini na halifanyi nini. Usimgeuze kuwa kuhani wa Isis, mungu wa kike wa Misri ya kale. Mpe nafasi ya kuswali, na siku ya Ijumaa usipange jambo zito wakati wa swala ya adhuhuri.

Sasa ile siku ya Abydos na Dendera, ambayo kwangu ndiyo moyo wa safari nzima.

Kutoka Luxor hadi Abydos ni takribani kilomita 160, na Dendera iko njiani, karibu kilomita 60 kutoka Luxor. Mashirika mengi husimama Dendera kwanza kwa sababu iko karibu. Mimi nawavusha hadi Abydos kwanza, mbali, asubuhi mapema, wakiwa hawajaona kitu. Abydos ni mji wa Osiris, mungu aliyeuawa akafufuka, na Wamisri wa kale walikuwa wakihiji huko kwa karne nyingi. Waliosafiri waliacha vyungu vya sadaka, vingi mno, hata leo eneo la makaburi ya wafalme wa mwanzo linaitwa Umm el-Qa'ab, yaani mama wa vyungu. Waliokuwa na uwezo waliacha mawe yenye majina yao, ili wawepo pale hata baada ya kufa. Unapoleta kundi Abydos unafuata njia iliyokanyagwa na mahujaji kabla ya dini zetu nyingi kuzaliwa.

Hekalu la Farao Seti wa Kwanza lina vyumba saba vitakatifu vilivyopangwa bega kwa bega, na rangi zake bado zimeshika ukutani baada ya miaka zaidi ya 3,200. Ukutani mwa vyumba sita upo mlango wa kuchongwa, mlango wa roho, usiofunguka. Chumba cha Osiris peke yake kina mlango wa kweli, unaoelekea kwenye vyumba vya ndani zaidi. Siwaambii hilo mapema. Nawaacha waingie kimoja kimoja, na aliyekutana na mlango unaopitika atakuja kunieleza mwenyewe. Mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe mwaka ule alikaa kwenye kizingiti hicho mpaka mlinzi akaja kuuliza kama anaumwa.

Nyuma ya hekalu kuna Osireion, jengo la mawe makubwa lililo chini ya usawa wa ardhi, ambalo mara nyingi huwa na maji. Utalitazama kutoka juu. Usimwahidi mtu kwamba ataingia.

Dendera inakuja mchana, na kuja kwake baada ya Abydos ndiko kunakoleta tofauti. Umetoka kwa mungu wa wafu, unaingia nyumba ya Hathor, mungu wa furaha, muziki na mapenzi. Dari la ukumbi wake lilikuwa limefunikwa na masizi ya miaka mingi. Likasafishwa, na ile buluu ikarudi pamoja na nyota, mashua za mbinguni na mungu Nut anayelimeza jua jioni na kulizaa asubuhi. Hapo natoa saa mbili na nusu. Zodiaki maarufu, mchoro wa nyota za mbinguni, utakayoiona kwenye chumba kidogo cha juu ya paa ni nakala tu. Ya asili iko kwenye makumbusho ya Louvre, Paris. Vyumba vya chini vina ngazi nyembamba na hewa nzito, kwa hiyo uliza mapema nani anaogopa mahali pa kubana, na uulize faragha, maana mbele za watu kila mmoja atajifanya shujaa.

Karnak naiweka siku inayofuata, pindi mlango unapofunguliwa. Ukumbi wa nguzo 134 ukiwa mtupu na ukumbi huohuo ukiwa na mabasi ya watu waliotoka pwani ya Bahari ya Shamu ni mahali pawili tofauti. Mabasi hayo huanza kuingia asubuhi ikishakomaa, na wakati huo sisi tuko kaskazini, kwenye hekalu dogo la mungu Ptah, ambapo sanamu nyeusi ya Sekhmet, mwanamke mwenye kichwa cha simba, imesimama gizani chini ya tundu moja la mwanga lililo darini. Chumba ni kidogo. Wanaingia watu wachache kwa zamu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kundi langu kutozidi watu 14. Wakiwa 25, wa mwisho anasubiri saa nzima juani na moyo wake umeshatoka pale.

Mlinzi wa chumba hicho atatarajia bakshishi. Usione ni uchafu unaoharibu utakatifu wa mahali. Ni mtu mwenye familia ambaye amekufungulia mlango. Mimi hukusanya fungu la bakshishi tangu mwanzo wa safari, analishika mtu mmoja, na hakuna msafiri anayetafuta noti mfukoni wakati machozi bado yako machoni.

Kuhusu ibada zenyewe niseme wazi. Kukaa kimya, kuomba moyoni, kusimama pamoja kwa dakika chache, hakuna atakayekusumbua. Kuwasha mishumaa, kufukiza ubani, kupiga ngoma, kumwaga maji au mafuta juu ya jiwe, hapana. Moshi na mafuta huharibu rangi, na masizi ya Dendera yameshatufundisha. Ukitaka hekalu au chumba cha ndani cha Piramidi Kuu kwa kundi lako peke yako, nje ya saa za kawaida, kuna kibali maalumu kinachoombwa kupitia wakala wa Misri kwa mamlaka ya mambo ya kale. Omba miezi kabla. Gharama yake ni ya kundi zima, iwe mko watano au 14, kwa hiyo usiitangaze kabla fedha hazijakamilika. Na piramidi si ya kila goti: njia ya kupanda ni nyembamba, unainama mita karibu 40 kabla ya kufika mahali pa kunyoosha mgongo.

Edfu naiacha kwa uchungu, maana hakuna hekalu lililosalia zima kulizidi, lakini meli za Mto Nile hutia nanga pale karibu saa zilezile na mlangoni panakuwa soko. Ukisafiri kwa dahabiya, mashua ya tanga, unaweza kuchagua saa yako, na hapo ningebadili mawazo. Abu Simbel ni kilomita karibu 280 kutoka Aswan; tarehe 22 Februari na 22 Oktoba, jua linapoingia hadi chumba cha ndani, pamejaa watu kiasi kwamba utaona migongo. Msimu mzuri ni Oktoba hadi Aprili. Mwezi wa Ramadhani, hakikisha saa za kufungua upya, kwa sababu hufupishwa.

Hekalu la Luxor tunaingia jioni, taa zikishawashwa, na hapo siongezi maelezo mengi. Juu ya ua wa Ramesses upo msikiti wa Abu al-Haggag, mlango wake wa zamani ukining'inia juu kwa sababu ulijengwa wakati hekalu limezikwa na mchanga na vifusi. Makanisa yalikuwepo, Warumi walikuwa na madhabahu yao humo, na Waislamu wanaswali hadi leo. Adhana ikitoka wakati tumekaa kati ya nguzo za Farao Amenhotep wa Tatu, natamani niwe na dakika zaidi ya zile nilizopanga.

Mwisho ni Philae, na lazima iwe mwisho. Unafika kwa boti. Hekalu hili la Isis halipo tena kisiwani pake: lilizingirwa na maji baada ya mabwawa ya Aswan, likakatwa vipande na kujengwa upya kisiwa jirani cha Agilkia, kazi iliyokamilika mwaka 1980. Kuna wanaoniuliza kama mahali palipohamishwa bado ni patakatifu. Nawapeleka kwenye lango la Hadrian, mfalme wa Kirumi, ambapo ukutani kuna maandishi ya hieroglifi, mwandiko wa picha wa Misri ya kale, ya tarehe 24 Agosti mwaka 394, ya mwisho kabisa tunayoyajua yenye tarehe. Kuhani mmoja aliandika pale, na mwandiko wa miaka zaidi ya 3,000 ukanyamaza. Hatua chache kutoka hapo, ndani ya ukumbi wa nguzo, misalaba imechongwa kwenye mawe na wale waliofanya ukumbi huo kuwa kanisa.

Hapo sina ratiba. Nimeshakubaliana na mwenye boti tangu gatini kwamba atatusubiri hadi wafunge, na nimemlipa saa hizo za kusubiri kabla hatujapanda.