Sikuuliza Kama Meno Yanauma

Namuuliza mgonjwa mwenye jipu la ini habari za fizi, ananijibu habari za meno. "Hayaumi, dokta." Ndugu aliyemsindikiza anadakia kwamba hata pombe hanywi, kana kwamba nimemshtaki. Jamani! Nimeuliza tu kama akipiga mswaki anatema damu.

Ugonjwa wa fizi kwa kawaida hauumi. Mtu anaukalia miaka, fizi zimevimba na kuachana na jino, na kwenye vifuko vinavyobaki bakteria wasiopenda oksijeni wanazaliana kwa raha zao. Ndani ya vifuko hivyo nyama imechubuka, kwa hiyo akitafuna au kupiga mswaki, wachache huponyoka na kuingia kwenye damu. (Hapana, dawa si kuacha mswaki. Ukiuacha ukoga unazidi, na damu inazidi.) Karibu wote huuawa na kinga ya mwili. Mara chache sana baadhi hufika kwenye ini na kuanzisha usaha: homa, kutetemeka, kukonda, pengine maumivu chini ya mbavu za kulia. Tunatoa usaha kwa sindano au mrija, antibiotiki kwa wiki 4 hadi 6 hivi. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza wagonjwa na ndugu zao wakishakubali, maana sasa kila kitu ni meno. Taratibu! Majipu mengi ya ini hutokana na njia ya nyongo au maambukizi ya tumboni. Kuna bakteria aitwaye Klebsiella, hasa kwa wenye kisukari. Kuna amiba, na tiba yake ni nyingine. Usaha ukioteshwa maabara akaota Fusobacterium nucleatum, bakteria wa kawaida wa mdomoni, naugeukia mdomo, sawa, lakini bakteria huyo anaweza kupatikana utumboni pia, na hata kwenye mdomo wenye fizi nzima. Ndiyo maana naomba utumbo mpana ukaguliwe kwa kamera, kwani saratani ya huko nayo huweza kumpitisha. Nikiandika "chanzo: fizi", mara nyingi maana yake ni kwamba fizi ni mbovu na kwingine sikuona kitu. Mahakamani ningeshindwa kesi.

Tena bakteria hawa wa vifuko vya fizi hewa huwaua. Sampuli ikichukuliwa ovyo, au mgonjwa akiwa ameshameza antibiotiki za kujinunulia, maabara inajibu "hakuna kilichoota", nami nabaki kukisia. Rufaa ya daktari wa meno naandika vilevile, jino liume lisiume.