Kupoteza nyumba: tunayoyasema mtaani na yalivyo kweli

Saa nne za usiku Kariakoo, maduka yakishashusha milango ya chuma, mabaraza hupata wakazi wengine. Boksi la friji linakunjuliwa, shuka inatolewa kwenye mfuko, mtu anajinyoosha. Anayepita akiwahi daladala ya mwisho hutoa hukumu palepale: mvivu huyo, kama si mlevi.

Hukumu hiyo ina umri mrefu. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mwingereza ilihesabu uzururaji kuwa kosa, kisha mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioshindwa kuonyesha kazi yao Dar es Salaam wakakamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Tumekua tukimwona asiye na pa kulala kuwa mkosaji, swali la "ilikuwaje?" huja baadaye, kama linakuja. Na aibu hiyo haimuumizi wa barazani peke yake. Inamziba mdomo mwenye nyumba aliyeelemewa na madeni, katika miezi ileile ambayo angesema, angepona.

"Angekuwa na kazi asingelala nje."

Wengi wanayo kazi. Wanabeba mizigo, wanauza maji, wanapiga debe. Tupige hesabu ya chumba kimoja cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Ni 2,000 kwa siku, na mtu anayeingiza 10,000 anaimudu. Lakini nani anapangishwa kwa mwezi? Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 360,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Jumla 420,000, mkononi, siku moja. Kinachomshinda huyu mtu ni mlango wa kuingilia. Kodi ya mwezi angeilipa. Mkataba ukiisha wiki mtoto amelazwa hospitali, anajikuta nje bila kuwa ameacha kazi hata siku moja.

"Mjini hakosi mtu ndugu."

Kweli, na ndiyo maana wengi waliokosa makazi hatuwaoni. Mama yuko sebuleni kwa shemeji, watoto wawili wamepelekwa kwa bibi, baba analala dukani kwa rafiki. Hakuna aliye barazani, ila nyumba hawana.

"Mimi nimejenga, hayo ni ya wapangaji."

Waulize waliokuwa bonde la Jangwani Desemba 2011, mafuriko yalipowatoa na baadhi yao kupelekwa Mabwepande. Au waliovunjiwa mabondeni Desemba 2015. Au wa Kimara mwaka 2017, walioamka wakakuta alama ya X nyekundu ukutani kwa sababu ya upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Walikuwemo humo wastaafu waliomalizia kiinua mgongo kwenye bati na vigae.

Ila njia inayowatoa wenye nyumba kimyakimya, bila tingatinga, ni mkopo.

"Nyumba ni yangu, naiweka rehani nitakavyo."

Kama ndimo mnamoishi na mwenzi wako, huwezi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, kifungu cha 114, inataka rehani ya nyumba hiyo iwe na saini au ridhaa ya wanandoa wanaoishi humo. Mkopeshaji naye ana wajibu wa kuhakikisha kama mkopaji ana mwenzi. Kwa hiyo dada anayeletewa karatasi usiku na kuambiwa "weka saini hapa, ni mambo ya biashara tu" ana haki ya kusema nitasoma kesho. Akisaini bila kusoma, kesho yake mahakamani kinga hiyo amekwisha kuivua mwenyewe.

"Ukikosa rejesho moja, benki inakuuzia."

Hapa ndipo watu wanapoteza nyumba kwa hofu. Wanabadilisha laini ya simu, wanamwagiza mtoto aseme baba amesafiri, barua ya benki inawekwa chini ya godoro bila kufunguliwa.

Sheria inavyosema ni hivi. Ukishindwa kulipa, mkopeshaji mwenye rehani lazima akupe notisi ya maandishi, na zipite siku 60 tangu uipokee ndipo haki yake ya kuuza ianze. Mnada wa ardhi nao una notisi yake kwa umma isiyopungua siku 14, na Sheria ya Madalali inataka itangazwe pia kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Bei nayo ina ulinzi: muuzaji anawajibika kutafuta bei nzuri inayopatikana, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko ya nyumba kama hiyo, sheria inachukulia kwamba hakuutimiza wajibu huo mpaka aonyeshe vinginevyo.

Siku 60 si nyingi, ila zinatosha kwa mambo matatu. Nenda benki kabla hujaitwa, uombe mkopo upangwe upya: muda urefushwe, rejesho lipungue. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ikiwa hesabu haifungi hata hivyo, zungumza nao uiuze mwenyewe, kwa kuwa mnunuzi wako wa hiari kwa kawaida hutoa bei inayoushinda mnada. Na kama mkopaji amefariki, tafuta kwenye mkataba kipengele cha bima kabla ya kulipa senti. Mikopo mingi ina bima ya kifo, na wapo wajane wanaojinyima chakula kulipa deni ambalo bima ingelimaliza.

"Mwenye nyumba akikudai anaweza kung'oa mlango."

Anaweza kwa nguvu, si kwa haki. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, ndiyo, kwa hiyo bei ni mapatano. Lakini mpangaji wa mwezi hadi mwezi bado anastahili notisi isiyopungua mwezi. Mkigombana, baraza la kata linawasuluhisha, na siku 30 zikipita bila mwafaka mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mpangaji naye asijifiche. "Mzee, mwezi huu nina nusu, iliyobaki tarehe 15", tena imeandikwa kwenye karatasi mbele ya mjumbe, imewapa wengi nafasi ya kupumua.

"Mkopo wa mtaani ni rahisi, hawana maswali."

Hawana maswali kwa sababu majibu wanayo tayari kwenye karatasi. Tuanze na riba. Chukua 500,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi: kila mwezi ni 100,000 ya riba, na baada ya miezi sita umetoa 600,000 huku laki tano ileile ikiwa bado inakudai. Si bure watu waliiita kausha damu.

Riba, hata hivyo, ndiyo nafuu yake. Balaa ni ile karatasi ya pili. Unaomba mkopo, unapewa kusaini mkataba wa mauziano ya nyumba, unaambiwa ni dhamana tu, ukimaliza tutaichana. Hakuna notisi ya siku 60 hapo, hakuna mnada, hakuna bei ya soko. Ukichelewa, anakuja na wapambe wake kama mnunuzi anayedai nyumba yake, na shahidi wake mkuu ni saini yako. Kueleza mahakamani kwamba ulikuwa mkopo inawezekana, ila utaanzia chini ya mlima.

Mtaani kwetu mama lishe mmoja alipona kwa bahati. Hati alikuwa ameshaitoa. Kijana wake wa kidato cha tatu akasoma kichwa cha habari cha karatasi kwa sauti, tena kwa ubishi wa kitoto: "Mama, hapa wameandika *muuzaji*. Unauza nini?" Mama akaomba hati yake arudi nayo nyumbani akafikirie. Mkopeshaji akakasirika, akasema muda umekwisha, akaanza kukusanya makaratasi. Mama akaishika ile hati mpaka ikakunjika pembeni, na mkunjo huo bado upo.