"Nimekatwa Mfupa, Unanipa Panadol?"

"Sista, hiyo Panadol mpe mwenye kuumwa kichwa. Mimi nimekatwa mfupa."

Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo mara tatu, na watu watatu wasiojuana. Nina miaka mingi kwenye wodi ya mifupa hapa Dar es Salaam, na sijaona imani inayowatesa wagonjwa wetu wa goti bandia kama hii: kwamba dawa ya kweli ni moja tu, "ile kali", yaani tramadoli au mofini, na nyingine zote ni danganya toto.

Mmoja wa hao watatu ni mama wa miaka sitini na kitu. Aliruhusiwa akiwa mzima, anatembea na kitembezi chake. Baada ya siku tatu akarudishwa kwa bajaji, jasho linamtoka, goti limevimba hadi ngozi inang'aa, hataki hata shuka limguse. Nikamwomba anioneshe dawa zake. Akafungua kipochi: karatasi ya parasetamoli, ndiyo hiyo Panadol, ikiwa nzima, hakuna hata kidonge kimoja kilichotolewa. Diklofenaki kameza viwili tu tangu atoke. Tramadoli za siku tano alizimaliza kwa siku mbili, na mwanawe alishatumwa duka la dawa kutafuta nyingine. Anatapika, hajapata choo tangu aruhusiwe, akisimama kizunguzungu, na goti bado linauma vilevile.

Lilikuwa lazima liume. Maumivu ya goti lililopasuliwa hayana njia moja. Nyama iliyokatwa inavimba na kutoa kemikali zinazochokoza neva palepale gotini. Neva zinapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, kisha ubongo ndio unaohisi maumivu. Tramadoli na mofini zinafanya kazi huko juu, kwenye uti wa mgongo na ubongo. Uvimbe wenyewe haziuondoi. Diklofenaki, ibuprofeni na barafu ndivyo vinavyoshughulika na uvimbe, na parasetamoli ina njia yake nyingine. Zikitumika pamoja zinagawana mzigo, na ile kali inabakiwa na kazi ndogo. Huyu mama aliitwika tramadoli mzigo wote.

Asiyeamini na aangalie utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019. Ni wagonjwa 556 waliobadilishwa nyonga, na kila mmoja aliweza kujiongezea mofini kwa pampu kadiri alivyohitaji. Waliopewa parasetamoli peke yake walitumia kiasi cha miligramu 36 za mofini katika saa 24 za kwanza. Waliopewa ibuprofeni peke yake, 26. Waliopewa zote mbili, 20. Hao nao walikuwa wamekatwa mfupa.

Lakini dawa hizi zina sharti moja ambalo wagonjwa wengi hawalifuati: zinataka saa. Watu wanameza parasetamoli pale wanapoanza kulia, haiwatulizi, kisha wanasema haina nguvu. Imezwe kabla. Vidonge viwili vya miligramu 500 saa 12 asubuhi, viwili saa 6 mchana, viwili saa 12 jioni, viwili saa 6 usiku, umeumwa hujaumwa. Isivuke gramu nne kwa siku, na mwenye ugonjwa wa ini, mnywaji wa pombe au mwenye mwili mdogo apangiwe pungufu na daktari wake. Mimi simruhusu mgonjwa kuondoka hadi ndugu yake aweke alamu nne kwenye simu, mbele ya macho yangu. Wengine wananiona nasumbua. Wenye alamu hawarudi kwa bajaji. Tramadoli nawaambia waiweke kwa ajili ya saa moja kabla ya mazoezi na kwa zile siku za mwanzo usiku unapokuwa mgumu, halafu waipunguze hadi waiache.

Angalieni pia kile kidonge cha mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli kinachouzwa kila duka la dawa. Ukikimeza juu ya dawa zako umezidisha dozi mara mbili bila kujua. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni ndugu wa damu, hazimezwi pamoja. Hupati nafuu ya ziada, unaumiza tumbo na figo. Mwenye figo mbovu, vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kuandikiwa, asingoje aulizwe.

"Dawa ikifanya kazi sitasikia maumivu kabisa." Utasikia. Wiki mbili za kwanza goti linauma, na uvimbe unaweza kuendelea miezi mitatu au zaidi. Nyonga hutulia mapema kuliko goti. Nikikuuliza maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, sitafuti sifuri. Nataka kujua kama unaweza kukaa, kusimama na kukunja goti. Ukiwa kwenye tatu au nne na unatembea, dawa zinatosha. Somo hili litolewe kliniki, kabla ya upasuaji, mgonjwa na ndugu zake wakiwa wametulia. Kumwambia mtu anayetoka kwenye ganzi, na mpira wa mkojo bado upo, ni kuchelewa.

"Nikimeza tramadoli nitakuwa teja." Hawa ni wachache, ila nao wananisikitisha, kwa sababu wanakataa kila kitu, wanashindwa kukunja goti, na goti linakakamaa. Siku chache kwa dozi uliyoandikiwa si uteja. Hatari inakua kadiri siku zinavyosonga. Ninayemhofia ni yule wa mwezi wa pili au wa tatu anayejinunulia mwenyewe: akikosa anatoka jasho, anaharisha, halali, mwili mzima unamuuma, na anaamini ni goti. Hiyo ni arosto. Marekani, ambako wagonjwa wa viungo bandia walikuwa wakirudi nyumbani na makumi ya vidonge vya oksikodoni, dawa kali ya jamii ya mofini, walifika mahali mwaka 2017 wakatangaza dharura ya afya ya umma kwa sababu ya dawa za kundi hili. Na kama umekuwa ukimeza tramadoli kwa miezi kabla ya upasuaji, mwambie daktari wa ganzi ukweli. Mwili wako umeshaizoea, utaumwa zaidi baada ya upasuaji, na anaweza kujipanga ikiwa tu anajua. Hofu hii, nawaomba, msiipeleke kwa mgonjwa wa saratani. Mofini yake ni haki yake na asinyimwe.

"Zimebaki, nitampa jirani, anaumwa mgongo." Usithubutu. Tramadoli inaweza kuleta degedege, hasa kwa mwenye kifafa au anayetumia dawa za sonona, na ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi inaweza kuzima pumzi. Kuna watu ambao ini lao huigeuza haraka mno, dozi ya kawaida inawalemea, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Zirudishe kwenye duka la dawa la hospitali.

Halafu mto. Naingia wodini nakuta ndugu mwenye huruma ameshaweka mto chini ya goti, kwa sababu mgonjwa amesema anapata nafuu. Anapata kweli, kwa saa moja. Wiki tatu baadaye goti halinyooki, kila hatua inauma, na anarudi kuomba dawa. Mto uwekwe chini ya kisigino, mguu mzima uinuliwe ukiwa umenyooka, goti lining'inie bila kitu chini yake. Barafu ya dukani izungushiwe kanga, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, na hasa baada ya mazoezi. Mama wa bajaji nilimfanyia hivyo mchana ule, pamoja na parasetamoli ya saa 6, diklofenaki yake na dawa ya kulainisha choo. Saa 10 jioni alisimama na kitembezi hadi mlangoni. Tramadoli hatukumwongezea hata moja.

Kuna maumivu mengine, na hayo msiyazoee: yale yanayorudi kwa nguvu wakati goti lilishaanza kutulia. Kigimbi kikivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au pumzi ikikata ghafla, kidonge kikali kitakufichia tu kuganda kwa damu au maambukizi. Usiongeze dawa. Njoo hospitali, hata kama ni saa 8 usiku.