Bima ya mwenzi wa kinyumba kwa watumishi wa jiji: kampeni huanzia kwenye neno "mtegemezi"

Berkeley, California, ndilo jiji la Marekani lililotangulia, mwaka 1984, kuwapa wenzi wa watumishi wake mafao bila kudai cheti cha ndoa. Baadhi ya majiji yaliyofuata yalijikwaa. Kura za madiwani walizipata. Kilichowaangusha mahakamani ni maandishi yao wenyewe.

Tazama Atlanta. Sheria ndogo ya jiji ya 1993 iliwahesabu wenzi waliosajiliwa kuwa wategemezi wa mtumishi. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Georgia iliuacha usajili wenyewe usimame, lakini mafao ikayafuta: jiji halina mamlaka ya kupanua maana ya mtegemezi kuliko sheria ya jimbo ilivyoiweka. Jiji likaandika upya, safari hii likisema mtegemezi ni mtu anayemtegemea mwingine kwa matunzo ya kifedha, awe anatunzwa kwa sehemu au kwa ukamilifu. Mwaka 1997 mahakama ileile ikaikubali. Watu ni walewale, bima ni ileile. Kilichobadilika ni tafsiri ya neno moja. Boston hawakupata bahati hiyo. Mwaka 1999 amri ya meya ilianguka kwa sababu sheria ya bima ya Massachusetts ilikuwa imekwisha kuwataja wategemezi kwa orodha, na mwenzi asiye wa ndoa hakuwemo.

Kwa hiyo, kabla ya kukusanya saini hata moja, soma kwanza sheria ya jimbo kuhusu bima ya watumishi wa umma, mkataba wa jiji na kampuni ya bima, na mkataba wa hali bora wa chama cha wafanyakazi. Sheria ya jimbo ikibana, kampeni yako iko bungeni jimboni. Kumsumbua diwani ni kupoteza muda.

Baada ya hapo andika nani anahesabika. Kwa kawaida hati ya kiapo hudai wote wawili wawe na miaka 18 au zaidi, wasiwe na ndoa na mtu mwingine, wasiwe ndugu wa karibu wa damu, na wawe wameishi nyumba moja kwa muda uliotajwa, mara nyingi miezi 6. Ambatisha vielelezo viwili: mkataba wa pango wenye majina yote, akaunti ya pamoja, au fomu ya mrithi wa mafao. Usikubali masharti ambayo wanandoa hawaulizwi. Weka pia siku za kutoa taarifa mkiachana, 30 zinatosha.

Kodi ndiyo inayowashtua watu, na wanakampeni wengi hawaitaji mpaka slipu ya mshahara itoke. Serikali kuu huihesabu bima ya mwenzi kuwa kipato cha mtumishi, isipokuwa mwenzi huyo awe mtegemezi kwa sheria ya kodi: anaishi naye mwaka mzima na zaidi ya nusu ya matunzo yake yanatoka kwa mtumishi. Chukua mfano: jiji linamlipia mwenzi dola 450 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 5,400. Makato ya Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali kuu) na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 7.65, ni dola 413. Kodi ya mapato kwa kiwango cha asilimia 22 ni dola 1,188. Mtumishi anapungukiwa dola 133 hivi kila mwezi, kabla ya kodi ya jimbo. Waambieni mapema.

Utaulizwa: tangu Juni 2015 wenzi wa jinsia moja wanaruhusiwa kuoana nchi nzima, haya mafao ya nini tena? Mjibu kwa mfano wa mjane anayepokea mafao ya Social Security ya marehemu. Akiolewa tena kabla ya kutimiza miaka 60, ndoa hiyo inayasimamisha. Kwake cheti cha ndoa kina bei.

Mwisho, soma rasimu kwa jicho la mpinzani. El Paso, Texas, mwaka 2010 wapigakura walipitisha maneno yaliyobakiza kwenye bima ya jiji watumishi, wenzi wao wa ndoa na watoto tu. Wastaafu wa jiji nao wakajikuta nje ya maneno hayo, ingawa hakuna aliyekuwa amewalenga. Sheria ya shirikisho inayomruhusu mke au mume kuendelea na bima kwa kujilipia baada ya ajira kukoma haimtaji mwenzi wa kinyumba, wala ile ya likizo ya kuuguza. Yote mawili yaandikwe kwa jina ndani ya sheria ndogo, pamoja na likizo ya msiba.