Nge, sindano ya ganzi na lango moja la neva: maswali na majibu

Mwanangu aliumwa na nge akipanga matofali hapa Chamwino. Kidole hakikuvimba sana, lakini alilia usiku kucha na mkono ukawa unamchezacheza. Sumu ile inafanya nini?

Inashambulia zaidi neva kuliko nyama, ndiyo maana uvimbe huwa mdogo na maumivu makali. Kwenye utando wa kila neva kuna protini zinazofanya kazi kama malango. Lango likifunguka, ioni za sodiamu, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, humiminika ndani, na umeme mdogo husafiri kupeleka taarifa. Kwa kawaida hubaki wazi kwa takriban milisekunde moja, kisha hujifunga lenyewe. Sumu ya nge hung'ang'ania lango hilo: baadhi ya sumu hulizuia lisijifunge, nyingine hulifanya lifunguke hata pasipo sababu ya maana. Neva za maumivu huendelea kutuma taarifa ilhali nge mwenyewe ameshakimbia, na zile zinazoamrisha misuli hufyatuka ovyo. Ndiko kuchezacheza kulikotoka.

Nge si wote sawa. Yule mweusi mkubwa mwenye magando manene hutisha zaidi kwa sura. Wa kuogopwa kweli ni mwenye magando membamba na mkia mnene.

Nimfanyie nini kabla ya kufika zahanati?

Osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Vua pete au bangili. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Jiwe la nyoka halinyonyi sumu. Linapoteza muda tu, na kwa mtoto muda ndio unaohitajika. Akianza kutokwa jasho jingi au mate, kutapika, kuzungusha macho au kupumua kwa shida, huyo ni wa hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Hapo sumu imeshafika kwenye neva zinazoongoza moyo na mapafu, na watoto wadogo ndio huzidiwa haraka.

Tulipofika, alichomwa kidoleni sindano ya ganzi ileile ya kung'olea meno. Ni sahihi?

Ni sahihi kabisa. Dawa hiyo ya ganzi, lignokeini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren, hupenya ndani ya neva na kuliziba lango lilelile la sodiamu kutokea ndani. Sumu inaliacha wazi, ganzi inalifunga. Ila haiondoi sumu mwilini na nguvu yake huisha baada ya saa chache, kwa hiyo mtoto aendelee kuangaliwa.

Haya yote yalijulikanaje?

Kwa msaada wa ngisi, na wa nge pia. Ngisi ana neva moja nene kiasi cha kuonekana kwa macho. Humo Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza walipima umeme wa sodiamu na kuchapisha kazi yao mwaka 1952, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Lakini lango lenyewe lilikuwa halijatambuliwa. Mwaka 1980 kundi la William Catterall kule Seattle lilitumia sumu ya nge iliyotiwa alama ya mionzi: kwa kuwa hushika lango la sodiamu, wakafuata alama hadi wakaipata protini. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika habari hii. Leo tunajua binadamu ana aina tisa za malango hayo, na Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa ya maumivu inayolenga aina moja tu, iliyo zaidi kwenye neva za maumivu.

Mimi nilichomwa ganzi mara mbili, jino likaniuma vilevile. Huku Bahi wanasema ni kwa sababu niliwahi kuumwa na nge.

Kwanza niulize: jino lilikuwa na usaha? Sehemu yenye usaha huwa na tindikali, na ndani ya tindikali sehemu kubwa ya lignokeini hubaki na chaji ya umeme, hivyo haipenyi utando wa neva. Sababu hiyo ni ya kawaida mno. Nyingine ni sindano kuingia kando kidogo ya neva.

Lakini wanaosema hivyo msiwacheke. Madaktari wa ganzi nchini India waliwahi kuripoti wagonjwa walioumwa na nge zamani ambao ganzi haikuwashika, hata ile ya uti wa mgongo. Hizo ni taarifa za wagonjwa wachache. Hazithibitishi kwamba nge ndiye chanzo. Hata hivyo, mweleze daktari wa meno kabla hajashika sindano: uliumwa lini, na safari iliyopita ganzi ilikuwaje. Anaweza kuchoma mbali na usaha, pale neva inapoanzia, au kukupa kwanza dawa ya kutuliza maambukizi na kukupangia siku nyingine.