Taa Inawaka, Roboti Haitembei: Dhana Potofu za Umeme Kwenye Roboti za Mapigano

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza: mashine mbili zinazoongozwa kwa rimoti zinafungiwa ndani ya uzio, na kila moja inatafuta kuivunja nyingine. Ulianza kujulikana San Francisco mwaka 1994 kwa mashindano ya Robot Wars, na hadi leo kanuni nyingi zinadai roboti iwe na taa ya umeme inayoonekana kwa nje, ili aliye karibu ajue kama mashine imewashwa. Hakuna kifaa cha bei ndogo kuliko taa hiyo ndani ya roboti, na hakuna kinachopotosha watu zaidi. Shida si taa, ila ni sisi tunaoiuliza mambo isiyoyajua.

"Taa inawaka, kwa hiyo betri na waya ni vizima."

Taa ya LED inatosheka na miliampia kumi hivi. Mota ya silaha ikianza kuzunguka inaweza kudai ampia 30, yaani mara elfu tatu ya hapo. Sasa chukua kiungo kimoja ambacho lehemu imekaa juu juu bila kupenya kwenye nyuzi za waya, kikabaki na ukinzani wa omu 0.1. Kwa LED, kiungo hicho kinapoteza volti 0.001, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Kwa mota ya ampia 30 kinapoteza volti 3, na wati 90 zinageuka joto palepale kwenye kiungo. Betri yenyewe nayo ikishuka kidogo kwa mzigo, risiva, yaani kipokezi cha amri za rimoti, inazimika na kuwaka upya, roboti inashtuka na kusimama, taa kuu inaendelea kuwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Mwenye roboti anaagiza kidhibiti kipya cha mota (ESC) kutoka nje na kusubiri wiki kadhaa, wakati tatizo lilihitaji chuma cha kulehemu tu.

Mafundi umeme wa magari kule Unga Limited, Arusha, wanalijua jambo hili siku nyingi. Ukimpelekea gari lisilowaka, hatosheki na kitaa kidogo cha kwenye dashibodi. Anachukua balbu yenye waya mbili na kuulazimisha umeme ufanye kazi. Fuata njia yake. Kwa betri ya lithiamu ya seli tatu, yenye volti 12 hivi, tafuta balbu ya H4 ya taa kubwa ya gari, ile ya wati 60/55, uunganishe nyuzi zake zote mbili ziwake pamoja. Kwa volti 12 itakula ampia 9 hadi 10. Iweke mahali pa kidhibiti cha mota, kisha seti multimita kwenye volti za DC na uguse ncha moja kila upande wa swichi, halafu kila upande wa soketi ya betri, halafu kiungo kimoja kimoja. Kiungo kizuri kitaonyesha milivolti chache, au makumi machache. Kikionyesha nusu volti, umempata mwizi wako. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaupima mfumo kwa mzigo wa kweli bila silaha kuzunguka mezani. Balbu inachemka sana, kwa hiyo usiishike wala kuilaza juu ya plastiki.

Kuna wanaosema multimita ikilia tu ukigusa ncha mbili za waya, waya ni mzima. Haitoshi. Ule mlio unapitisha mkondo mdogo mno. Waya uliobakiwa na uzi mmoja kati ya mia utalia vizuri kabisa.

"Testa haikuwaka, hakuna umeme hapo."

Hii hutoka kwa waliozoea umeme wa nyumbani. Bisibisi ya testa ina kitaa cha neoni kinachohitaji volti 60 hadi 90 ndipo kiwake. Kwenye volti 230 za TANESCO inafaa. Kwenye betri ya volti 12 haitawaka hata siku moja, ilhali betri hiyo hiyo ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha ncha ya bisibisi. Iache kwenye boksi.

"Taa imezimika, shika tu."

Hapa ndipo penye vidole vya watu, nitakaa kidogo.

Taa iliyozimika ina maana moja tu: LED haipati umeme. Huenda swichi imezimwa kweli. Huenda pia mguu wa LED umekatika kwa kishindo, maana kwenye mchezo huu kila kitu kinagongwa, na waya wa taa huwa ndio mwembamba kuliko zote. Betri ya seli tatu iliyojaa inabaki na volti 12.6, ESC iko macho, risiva inasubiri amri, na kwa nje ni giza. Hali ya kinyume nayo ipo: umechomoa betri na taa bado inawaka. Mara nyingi ni kapasita za ESC, zinazohifadhi umeme kidogo, zinazojimaliza, na mwanga utafifia wenyewe. Lakini kama upanga wa silaha ulikuwa ungali unazunguka, mota isiyo na brashi imegeuka jenereta, na umeme wake unarudi kupitia ESC hadi kwenye taa. Taa itawaka bila betri mpaka upanga upunguze mwendo.

Kwa hiyo usiamue kwa taa. Amua kwa pini ya chuma inayofunga silaha na kwa betri iliyochomolewa ukaiona mkononi. Wakati wa kuwasha, pini ya silaha ni ya mwisho kutoka. Wakati wa kuzima, upanga ukishasimama, ni ya kwanza kuingia. Wazazi wanaowaruhusu watoto wajenge hizi mashine sebuleni wajue jambo hili kabla ya jingine lolote.

"LED ni LED, funga yoyote."

LED nyekundu ya kawaida inahitaji volti 2 hivi, nyeupe na bluu kama volti 3. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri ya seli tatu itawaka kwa mbwembwe mara moja, basi. Iwekee rezista. Kwa nyekundu, kilo-omu moja inatosha: volti 10.6 zinazobaki zinapita kwenye omu 1,000, unapata miliampia 10 na ushee.

Wengi wanakwenda njia ya mkato na kununua utepe wa LED wa volti 12, ule unaopamba vifodi (daladala ndogo) na bodaboda. Sina ugomvi nao. Vipande vyake huwa na LED tatu mfululizo na rezista, na kwa zile nyeupe volti 9 hivi zinaliwa na LED zenyewe. Ndiyo maana betri ikishuka chini ya mzigo, utepe unafifia ukiona kwa macho. Ni kipimo cha bure, na kinasema mengi kuliko LED moja. Ila usiupeleke kwenye betri ya seli nne. Volti 16.8 zitasukuma mkondo unaokaribia mara tatu ya kawaida, na utepe utaungua.

"Mota haizunguki, ESC imeungua."

Zipo zinazoungua, na utazijua kwa harufu. Nyingi zinazotupwa ni nzima. Soma taa kwa mpangilio kabla ya kulaumu. Taa kuu inawaka na ya risiva haiwaki: volti 5 hazifiki, angalia saketi ya kupunguza volti iliyo ndani ya ESC na plagi iliyogeuzwa. Ya risiva inapepesa: kwa risiva nyingi, haijaunganishwa na rimoti, au rimoti imezimwa. Imetulia lakini mota kimya: angalia kijiti cha mwendo, maana ESC nyingi hukataa kuamka kama kijiti hakiko chini kabisa. Na mota isiyo na brashi ikitoa milio ukiwasha, shukuru, kwani ESC inaitumia kama spika na angalau sehemu kubwa yake inafanya kazi.

Fyuzi nayo inasifiwa isivyostahili. Fyuzi ya gari ya ampia 30 inaweza kubeba ampia 40 kwa sekunde kadhaa, na transista za ESC hazina subira hiyo. Fyuzi inalinda waya usishike moto. Ukitaka kuilinda ESC siku ya kwanza kuwasha, pitisha umeme wa betri kwenye balbu ya breki ya wati 21 iliyofungwa mfululizo. Ikimulika kidogo na kuzimika, kapasita zimejaa, uko salama. Ikibaki inang'aa, una shoti, na hakuna kilichoungua.

"Rimoti ikizimika, roboti inasimama yenyewe."

Si lazima. Risiva nyingine, mawasiliano yakikatika, hushikilia amri ya mwisho. Kama amri hiyo ilikuwa silaha izunguke, itaendelea kuzunguka huku taa ya risiva ikionyesha kwamba hakuna mawasiliano. Usalama wa kuzisimamisha mota mawasiliano yakikatika unawekwa kwa mkono kwenye mipangilio, na kanuni za mashindano hudai uonyeshe kwamba unafanya kazi. Toa upanga kwenye mota, inua magurudumu juu ya tofali, peleka vijiti vyote mbele kidogo, kisha zima rimoti. Kila mota isimame. Rudia kila unapobadilisha risiva au kuiunganisha upya na rimoti, kwa sababu mipangilio hiyo hufutika kwenye baadhi ya risiva.